Shairi Linapokataa Kufunguka: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kulirudia

Wako wasomaji wengi wanaofika mwisho wa shairi wakaondoka mikono mitupu, na karibu wote hujilaumu kwa namna moja: husema kwamba hawakujaliwa kipaji cha ushairi. Kwa miaka niliyosoma mashairi ya Kiswahili pamoja na vijana na watu wazima, nimekuta kwamba tatizo haliko kwenye kipaji. Lina chanzo kinachoweza kutajwa, na chanzo kikishatajwa huwa kuna hatua ya kuchukua. Mwongozo huu unazipitia dalili ninazozisikia mara kwa mara, na kwa kila moja unaeleza panapopaswa kutazamwa kwanza.

Jambo moja nitalishikilia tangu mwanzo hadi mwisho. Maana inayokuhusu wewe binafsi haipatikani kwa kuliweka shairi kando na kuanza kuyafikiria maisha yako. Hupatikana pale neno fulani la shairi linapokataa kukaa mahali ulipolitarajia, nawe ukakubali kubaki nalo badala ya kulipita. Kwa hiyo kila suluhisho lililomo humu linamrudisha msomaji kwenye maneno.

Kabla ya kutafuta kasoro yoyote, hakikisha kwamba mambo matatu yamekwisha fanyika: umechagua shairi fupi au beti chache tu za utenzi mrefu, umezinakili kwa mkono wako, na umezisoma kwa sauti angalau mara mbili. Nusu ya matatizo yanayoelezwa hapa huisha katika hatua hizo, kwa sababu mkono unaonakili hauwezi kuruka neno kama jicho linavyoweza.

Dalili: maneno yenyewe hayaeleweki

Chanzo cha kawaida ni lahaja. Sehemu kubwa ya ushairi wa kale uliotufikia ilitungwa Lamu, Pate, Siu na Mombasa, nayo imeandikwa kwa Kiamu, Kipate au Kimvita, ilhali msomaji wa leo amelelewa katika Kiswahili sanifu chenye msingi wa Kiunguja. Habari njema ni kwamba tofauti nyingi zina utaratibu. Ukikutana na «ndia» na «ndoo» za Kiamu, soma «njia» na «njoo». «Mato» ni «macho», na «kuwata» ni «kuacha». «Moya» ni «moja», «iyu» ni «juu», na «zitanda» ni «vitanda». Sauti ya l nayo huweza kudondoka, ndiyo maana «mbele» huwa «mbee». Msomaji anayejiandikia orodha ya mabadiliko kumi ya namna hii kwenye ukurasa mmoja wa daftari atashangaa jinsi ubeti uliokuwa umefungwa unavyoanza kuachia.

Neno likibaki gumu hata baada ya hapo, tafuta kamusi inayolifaa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, inatosha kwa mashairi mengi ya karne ya 20, lakini kwa maneno ya kale ya pwani kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 na ile ya Sacleux ya mwaka 1939, ambayo imeandikwa kwa Kifaransa, zina hazina kubwa zaidi. Wala usimsahau mzee wa Lamu au Mombasa kama unaye karibu, kwa kuwa kamusi itakueleza neno lina maana gani, naye atakueleza hutamkwa lini na nani.

Chanzo cha pili ni ruhusa ya mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za utungaji kilichochapishwa mwaka 1954, aliweka kwa maandishi kanuni ambazo washairi walikuwa wakizifuata kwa mazoea, na tangu hapo walimu wa ushairi wamekuwa na majina ya ruhusa hizo: inkisari ni kufupisha neno ili mizani, yaani idadi ya silabi za mshororo, itimie, mazida ni kulirefusha, na tabdila ni kuibadili silabi, hasa ya mwisho, ili kina kipatikane. Neno linaloonekana kama kosa la chapa huenda ni mojawapo ya hayo. Hesabu mizani za mshororo kabla ya kumlaumu mchapaji.

Chanzo cha tatu huwasumbua wanaosoma matoleo mawili ya utenzi mmoja na kukuta hayalingani. Tungo za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa desturi hazikutenganisha e na i, wala o na u, na p mara nyingi iliandikwa kwa herufi moja na b. Kila aliyehamishia tungo hizo kwenye herufi za Kilatini alilazimika kuchagua. Unapoona matoleo yanatofautiana, yasome yote mawili kwa sauti, kisha ujiulize ni lipi linalokubaliana na mishororo ya jirani. Huo tayari ni usomaji wa makini, nawe umeuanza bila kujijua.

Dalili: maneno yote ninayaelewa, lakini sioni kitu

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, kwa sababu msomaji hana pa kushika. Shairi ni jepesi, hakuna neno la kutafutwa, naye anamaliza na kusema: ni maombolezo, mtu amefiwa na mkewe, basi. Chanzo chake ni kasi. Amelisoma shairi kama anavyosoma taarifa ya tanzia, akachukua habari na kuyaacha maneno.

Tuchukue mfano ambao wengi waliopitia shule za Afrika Mashariki wanaukumbuka, shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe Amina. Linaanza hivi:

Amina umejitenga, kufa umetangulia,
Kama ua umefunga, baada ya kuchanua.

Na mshororo wa mwisho wa ubeti huo ni huu:

Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua.

Soma pole pole, na kila kitenzi kiulize kwa nini ni hicho na si kingine. Mshairi hakusema «umetengwa», jambo ambalo lingemtupia lawama kifo. Alisema «umejitenga», kana kwamba Amina ameinuka mwenyewe akaenda kukaa upande mwingine. Aliyewahi kuzika anaijua hali hiyo, ambapo mfiwa hana ugomvi na mauti bali ana manung'uniko na marehemu mwenyewe: mbona umeniacha? Kisha kinakuja «umetangulia». Mtu hawezi kutangulia asipokuwepo anayemfuata nyuma, kwa hiyo katika neno hilo moja msemaji amejitaja na yeye kuwa yumo njiani.

Sasa tazama «umefunga». Ua tumezoea kusema kwamba linafumba au linanyauka, lakini hapa limefunga. Msomaji mwepesi atajibu kwamba kina ndicho kilichomlazimisha mshairi, kwa kuwa vina vya kati vya ubeti ni -nga, na jibu hilo ni kweli kwa nusu. Nusu ya pili imo katika mshororo wa mwisho, ambamo kitenzi kilekile kinarudi kikiwa na kazi tofauti: mapenzi «tuliyofunga», na papo hapo kinyume chake, «kufungua». Kitenzi kilichomaanisha mwisho wa ua sasa kinamaanisha fundo ambalo mauti hayawezi kulifungua. Kifo kimefunga, na wapendanao nao walikwisha kufunga kabla yake. Sharti la kina limekuwa hoja ya ubeti mzima, na hapo ndipo mtunzi mwenye uwezo anapojulikana.

Suluhisho basi ni kuchagua kitenzi kimoja tu katika ubeti, kukiondoa, kuweka mahali pake kingine chenye maana ya karibu, na kuandika kilichopotea. Weka «umefariki» mahali pa «umejitenga», kisha usikilize jinsi shairi linavyopoa. Maana yako binafsi, kama ipo, itatokea katika pengo lililo kati ya maneno hayo mawili. Mtu mmoja aliyefanya zoezi hili akiwa na msiba wake mwenyewe hakuandika chochote kuhusu Amina. Aliandika jina la kaka yake na neno «umejitenga», akaishia hapo. Sikuona sababu ya kumwomba aendelee.

Dalili: kila shairi linanipa ujumbe uleule

Msomaji analeta majibu kama haya: shairi linatufundisha kupendana, shairi linatukumbusha kwamba dunia ni mapito, shairi linatuonya dhidi ya tamaa. Majibu hayo si ya uongo, ila yangeweza kuandikwa na mtu ambaye hajalisoma shairi lenyewe. Chanzo ni mtihani. Tumefundishwa kutafuta dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi kwa haraka, tukiziandika kama vichwa vya habari, na mazoea hayo yanaendelea kutuongoza miaka mingi baada ya cheti kutolewa.

Hakuna utungo unaoumizwa na mazoea hayo kama Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo mshairi anauhutubia moyo wake mbele ya magofu ya Pate, mji uliokuwa na utajiri mwingi kabla ya kuanguka. Muulize yeyote utungo huo unasema nini, na atakujibu kwamba dunia haidumu. Sawa. Lakini soma ubeti huu unaohusu nyumba za matajiri waliokufa:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
makinda ya popo iyu wengeme,
husikii hisi wala ukeme,
zitanda matandu walitandiye.

«Ziwele tame» ni kwamba zimekuwa mahame. «Wengeme» ni kwamba wananing'inia. «Ukeme» ni sauti ya kuita. «Matandu» ni utando wa buibui. Ukishaelewa hayo, utaona kwamba nyumba hizi hazikuachwa tupu kama tulivyodhani. Zina wakazi. Juu kuna makinda ya popo, na mshairi amechagua makinda makusudi, maana palipo na makinda pana uzazi, na familia mpya imehamia. Mshororo wa mwisho unalirudia shina moja mara tatu, kitanda, utando na kutanda, hivi kwamba kazi ya kutandika iliyokuwa ikifanywa na watumishi bado inafanywa, ila wanaotanda ni wengine. Kinachotisha katika ubeti si ukiwa peke yake. Ni kuona kwamba uhai umeendelea bila wenyewe, ukitumia vyumba na vitanda vyao.

Huo si ujumbe wa dunia ni mapito. Ni jambo mahsusi zaidi, na kwa sababu ni mahsusi linaweza kukugusa mahali mahsusi. Mwenye nyumba ya babu iliyofungwa kijijini, ambaye akienda likizo hukuta nyuki darini na mchwa kwenye mlango wa chumba alichozaliwa, atausoma ubeti huu kwa namna ambayo hakuna kitabu cha mwongozo kitakachomwandikia.

Ili kujitibu, jiwekee katazo la muda: usiitaje dhamira ya shairi mpaka uwe umeandika maswali matatu yanayohusu maneno yake, na kila swali liwe lile ambalo jibu lake hulijui. Kwa nini makinda? Nani anatanda? Kwa nini mshairi anaongea na moyo wake na si na wasikilizaji? Ukishayaandika, dhamira unaweza kuirudia, na mara nyingi utaiona imebadilika au imekuwa nyembamba na kali zaidi.

Dalili: nimepata maana yangu, ila nahisi nimelilazimisha shairi

Hisia hii iheshimu, kwa kuwa mara nyingi ni ya kweli. Hutokea pale mshororo mmoja unapolingana na maisha ya msomaji, naye akauchukua huo na kuiacha mingine iliyobaki. Mfano mzuri ni ubeti maarufu wa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi hadi takriban mwaka 1840:

Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele,
Kimya chataka kumbuu, viunoni mtatile,
Kimya msikidharau, nami sikidharawile,
Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya.

«Wambavyo wavyele» ni wasemavyo wazazi. Wasomaji wengi huushika mshororo wa kwanza na kuugeuza kuwa methali ya kusifu upole: mtu mkimya ana nguvu, kwa hiyo nyamaza. Baadhi huufanya kuwa faraja yao kazini au katika ndoa. Jaribio ni jepesi nalo halina huruma: itembeze maana yako juu ya mishororo yote minne, na utazame ni wapi inapojikwaa. Maana ya «kimya ni hekima» inajikwaa kwenye mshororo wa pili. Kumbuu ni mshipi wa kitambaa unaozungushwa kiunoni, na «mtatile» ni kwamba mmejizungushia. Anayeambiwa ajifunge kibwebwe haambiwi atulie, anaambiwa ajiandae. Inajikwaa tena kwenye «tahadharini», kwa kuwa hakuna anayetahadharishwa dhidi ya hekima. Zaidi ya hayo, vitenzi hivi viko katika wingi, kwa hiyo mshairi anazungumza na watu, si na mtu mmoja.

Ukiuweka ubeti katika Mombasa ya Muyaka, chini ya ukoo wa Wamazrui uliokuwa ukivutana na Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, mpaka mji ulipomwangukia mwaka 1837, unasikika kama sauti ya mtu anayewaambia wenzake kwamba adui aliyenyamaza hajaondoka. Kimya ni cha upande wa pili. Msemaji ndiye anayekisikiliza, naye anaongeza kwamba yeye mwenyewe hakukidharau, neno ambalo mimi nalisoma kuwa lina uzoefu ndani yake.

Je, hii ina maana kwamba msomaji wa leo hana haki ya kuuingiza ubeti katika maisha yake? Anayo, ila sasa atauingiza mahali panapostahili. Maana inayolingana na mishororo yote minne huenda ikawa ya mzazi anayeona mtoto wake wa miaka kumi na sita ameacha kubishana naye kwa ghafla, au ya mtu ambaye ndugu zake wa shamba la urithi hawajasema lolote kwa mwaka mzima. Hiyo ni maana binafsi yenye miguu minne, nayo inasimama. Shairi halikatai kuhamishwa. Linachodai ni kuhamishwa zima zima.

Dalili: shairi linasomeka kama orodha ya maneno makavu

Chanzo hapa mara nyingi ni kimya cha msomaji. Mashairi ya Kiswahili yametungwa ili yaghaniwe au yaimbwe, na hata yale yaliyokuwa yakichapishwa katika gazeti la Mambo Leo tangu miaka ya 1920 yalikuwa yakisomwa kwa sauti na mmoja huku wengine wakisikiliza. Hesabu mizani kwa vidole huku ukitamka. Katika ubeti wa pili wa Utendi wa Mwanakupona, «Maradhi yamenishika / hata yametimu mwaka / sikupata kutamka / neno lema kukwambia», kila kipande kina mizani 8 kamili, na ili kipande cha tatu kitimie, m ya «kutamka» lazima ipewe pigo lake peke yake: ku-ta-m-ka. Jaribu kulitamka hivyo. Mdomo unafumba katikati ya neno linalomaanisha kusema, katika ubeti wa mtu anayesema kwamba hakupata kusema. Sidai kwamba mtunzi alilipanga hilo. Ninachosema ni kwamba limo kinywani mwa kila anayeusoma vizuri, na hakuna atakayelipata akisoma kwa macho.

Dalili: shairi hili halinihusu, au linaniudhi

Nimeutaja utendi huu kwa makusudi, kwa sababu ndio unaoletewa lalamiko hili kuliko tungo nyingine ninazozijua. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Una beti 102, na sehemu kubwa inamwelekeza binti namna ya kumtii na kumhudumia mume. Wanawake vijana ninaosoma nao huudhika, nao wana sababu. Wengine hufunga kitabu wakisema kwamba hauna chochote chao.

Kosa linalowezekana hapa si kuudhika. Ni kuacha kusoma mahali maudhi yanapoanzia. Maudhi ni dalili kwamba shairi limekufikia. Hatua ya kwanza ni kuandika neno halisi lililokuudhi, si wazo la jumla. Hatua ya pili ni kurudi nyuma na kumtazama anayesema, na hali aliyo nayo wakati anaposema. Utendi unafunguliwa hivi:

Negema wangu binti,
mchachefu wa sanati,
upulike wasiati,
asaa ukazingatia.

«Negema» ni njoo karibu, «mchachefu» ni mwenye upungufu, «upulike» ni usikilize, na «asaa» ni huenda. Baada ya hapo mama anaeleza kwamba ugonjwa umemshika mwaka mzima, na katika ubeti wa tatu anamwambia binti aje mbele akae, na wino na karatasi. Jaribu kukiona chumba hicho. Anayesema ni mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyempinga Sayyid Said, na mwanamke huyu hataishi miaka mingi baada ya kutunga. Anaomba mwanawe asogee karibu, pengine kwa sababu sauti yake haiendi mbali. Na neno «asaa» limekaa mlangoni mwa utendi mzima: mama mwenye maagizo mengi hivyo anaanza kwa huenda. Hana hakika kwamba atasikilizwa.

Mshororo wa pili nao una mlango wake. «Sanati» inaweza kusikika kama miaka, na hapo mchachefu atakuwa binti mwenye umri mdogo. Inaweza pia kusikika kama ufupisho wa hasanati, yaani mema, na hapo mchachefu huenda akawa mama mwenyewe, anayejikiri kuwa na upungufu wa matendo mema kabla ya kumwelekeza mwingine. Soma utendi wote kwa maana ya kwanza, kisha kwa maana ya pili. Ni mama wawili tofauti.

Mimi niliusoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, nikaandika pembeni maneno mawili, «nasaha kwa wake», nikageuza ukurasa. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mzazi aliyekuwa akitoa maagizo kuhusu mambo ambayo sikukubaliana nayo, «asaa ukazingatia» ilinijia bila kuitwa. Bado sikubaliani na sehemu kubwa ya yale ambayo Mwana Kupona anamwelekeza binti yake. Ila najua sasa kwamba mtu anaweza kukupa alichonacho chote wakati anaondoka, na alichonacho kikawa hakikufai, na bado kikawa zawadi. Msomaji mwingine atafika kwingine, na anayebaki na hasira zake baada ya kusoma beti zote 102 amesoma kwa haki kuliko anayezimeza kwa heshima bila kuzitafuna.

Dalili: nahisi kuna fumbo, lakini sijui nianzie wapi

Baadhi ya mashairi yanatangaza yenyewe kwamba yamefumbwa. Abdilatif Abdalla, katika shairi lake la Mamba, mojawapo ya yale aliyoyatunga akiwa kifungoni nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, anasema waziwazi: «Niufumbe, wafumbuwe wawezao». Makosa ni mawili na yanaelekea pande tofauti. Wapo wanaorukia jibu, wakasema mamba ni mtawala, wakafunga daftari. Na wapo wanaoogopa kubahatisha, wakabaki na mamba wa mtoni tu. Dawa ya wote ni moja, nayo ni kumtazama mamba kwanza kama mamba. Anaishi wapi, anajigamba kwa lipi, anaamini nini kuhusu urefu wa maisha yake? Ukishamfahamu mnyama, fumbo litakwenda lenyewe hadi linapokwenda, na huenda likampita mtawala wa wakati ule likafika hadi kwa mtu unayemjua wewe, au hadi kwako.

Dalili: halina vina wala mizani, basi si shairi

Mabishano juu ya shairi huru ni ya zamani, na diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1974, iliyachochea sana. Kwa msomaji, tatizo ni la vitendo: anatafuta vishikio alivyovizoea, na havipo. Mahali pa vina, tazama pale mstari unapokatwa. Soma ukisimama mwisho wa kila mstari, kisha soma tena bila kusimama, na uandike ni neno gani lililobadilika uzito. Hapo ndipo mtunzi wa shairi huru alipoiweka kazi ambayo mwenzake wa arudhi, yaani anayefuata kanuni za vina na mizani, aliiweka kwenye kina.

Dalili: nimelirudia shairi, na maana niliyoipata zamani haipo tena

Wasomaji huleta lalamiko hili wakidhani kwamba ama walikosea zamani, ama wamekosea sasa. Mara chache ndivyo ilivyo, na jaribio la kutembeza maana juu ya mishororo yote litakuonyesha haraka kama mojawapo ilikuwa imelazimishwa. Kama zote mbili zinasimama, kilichobadilika ni neno unaloliegemea. Katika ubeti wa Amina, nilipokuwa kijana niliegemea «ua», nikaona uzuri uliopotea. Baada ya kuzika niliegemea «umejitenga». Na siku hizi ninajikuta nasimama kwenye «umetangulia», kwa sababu zinazoeleweka kwa mtu wa umri wangu. Ubeti ni uleule, wenye mizani zilezile.

Ili mabadiliko hayo yasipotee, andika tarehe kando ya kila maelezo unayoyaweka pembeni ya shairi, na upigie mstari neno moja tu, lile lililokusimamisha siku hiyo. Unapolirudia shairi, yafunike maelezo ya zamani kwa karatasi, soma kwa sauti, andika mapya, kisha ndipo uyafunue yale ya awali.